Fuwele inayogeuza mionzi kuwa mwanga

Kigunduzi cha mimweko ni chombo kinachopima mionzi kwa kutumia fuwele inayotoa mwanga kila inapopigwa na mionzi hiyo. Mwanga wenyewe ni hafifu mno, na sehemu yake kubwa huzimika kabla ya sehemu moja ya milioni ya sekunde kutimia.

Mwanzoni kazi ya kuuhesabu ilifanywa kwa macho. Mwaka 1909 Hans Geiger na Ernest Marsden walikaa gizani mjini Manchester wakihesabu mmweko mmoja baada ya mwingine, kazi ya kuchosha iliyomwezesha Ernest Rutherford kutambua kiini cha atomu. Mwaka 1944 Samuel Curran akaweka mrija wa kielektroniki mahali pa jicho, na mwaka 1948 Robert Hofstadter akaonyesha ubora wa fuwele ya sodiamu iodaidi yenye thaliamu kidogo. Fuwele hiyo ingali inatumika. Udhaifu wake ni kunyonya unyevu, hivyo hufungwa kabisa ndani ya alumini.

Mwanga ukifika kwenye mrija hung’oa elektroni chache, nazo huzidishwa hatua kwa hatua hadi mara milioni moja au zaidi. Hapo hupatikana mapigo ya umeme yanayopimika. Uzuri wa chombo hiki uko hapa: mionzi yenye nguvu zaidi hutoa mwanga mwingi zaidi. Kipima cha Geiger huhesabu tu, lakini fuwele hueleza pia nguvu ya kila mionzi, na kwa nguvu hiyo chanzo hutambulika, kiwe sizi-137 au iodini-131.

Kwa mkazi wa Chanika jijini Dar es Salaam, mahali pamojawapo pa kukutana na fuwele hii ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, katikati ya jiji, kwenye kamera ya gama. Kamera ya aina hiyo ilibuniwa na Hal Anger nchini Marekani katika miaka ya 1950. Kwa kipimo cha mifupa, mgonjwa huchomwa sindano ya dawa yenye teknetiamu-99m, akasubiri saa chache, kisha akalala chini ya fuwele pana iliyopangiwa mirija mingi nyuma yake. Kila mrija hupata mgawo wake wa mwanga, na kompyuta hulinganisha migawo hiyo ili kujua mionzi imetokea sehemu gani ya mwili.

Wengi huiogopa kamera hiyo bure, kwa kuwa yenyewe haitoi mionzi ya gama hata kidogo. Inapokea ile inayotoka kwa mgonjwa. Teknetiamu-99m hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6, na sehemu yake hutoka kwa mkojo. Kunywa maji ya kutosha husaidia. Mama mjamzito au anayenyonyesha amweleze mhudumu kabla ya kuchomwa sindano.