Nguvu Isiyovuka Mpaka

Mei 2021 serikali ya Ethiopia ilitoa leseni ya kwanza ya simu kwa kampuni binafsi. Aliyeshinda ni ushirika ulioongozwa na Safaricom ya Kenya, ndani yake wakiwemo Vodacom na Sumitomo ya Japani, na bei yake ilikuwa dola milioni 850. Soko lilikuwa la watu zaidi ya milioni 100, na mshindani alikuwa mmoja tu, Ethio Telecom, mali ya serikali yenyewe. Kwa hesabu ya haraka, biashara ilionekana nyepesi.

Lakini Safaricom haikukua Kenya kwa minara peke yake. Iliyoishikilia ni M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, pamoja na mawakala waliokaa kila mtaa na kila kijiji. Leseni ile ya Ethiopia haikuruhusu kutuma fedha kwa simu. Na mwezi uleule Ethio Telecom ikazindua huduma yake ya fedha, Telebirr. M-Pesa ilipoanza Ethiopia, Agosti 2023, baada ya kulipiwa leseni nyingine ya dola milioni 150, mshindani alikwisha kuzoeleka kwa miaka miwili. Hata minara ilikuwa na kikwazo chake: masharti hayakuziruhusu kampuni huru za kukodisha minara, kwa hiyo mgeni alipaswa kujenga yake au kukodi ya mpinzani wake.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo kila anayetaka kufungua biashara nchi nyingine anapaswa kuanzia, kabla ya kuulizia ada ya usajili. Vitu gani hasa vinakupa nguvu nyumbani? Na kati ya hivyo, kipi kitavuka mpaka pamoja nawe? Mtaji huvuka. Mashine na utaalamu huvuka. Imani ya watu, mikopo ya wasambazaji na sheria uliyoizoea hubaki nyuma, tena mara nyingi hivyo ndivyo vilivyokuwa vinakulisha.

Tazama supamaketi za Kenya. Biashara hii huendeshwa kwa mali kauli. Msambazaji wa sukari, sabuni au unga huleta bidhaa leo akalipwa baada ya siku 30, 60, hata 90, ilhali mnunuzi hulipa papo hapo kaunta. Duka hukaa na fedha za watu kwa wiki nyingi, na kwa fedha hizo hufungua duka jingine. Msambazaji wa Nairobi hulikubali hilo kwa sababu ameuza na kampuni hiyo miaka na miaka. Msambazaji wa Dar es Salaam au Kampala hana historia hiyo. Ankara ya kwanza ikichelewa, hupunguza mzigo. Ya pili ikichelewa, husimamisha gari. Rafu huanza kuonyesha uwazi, na mnunuzi ambaye hakulelewa na jina lile huhamia duka la pili bila majonzi. Supamaketi ya Uchumi iliondoka Tanzania na Uganda Oktoba 2015. Nakumatt, iliyokuwa imechukua maduka ya Shoprite nchini Tanzania mwaka 2014, ilianza kufunga katika nchi hizo hizo mwaka 2017. Kampuni zote mbili zilikuwa na madeni mazito nyumbani, na hilo ndilo lililoziangusha. Lakini matawi ya nje yalikuwa miongoni mwa ya kwanza kukatwa, na wafanyakazi na wasambazaji wa huko wakabaki na madai mikononi.

Njia moja ya kupata imani usiyokuwa nayo ni kuinunua. Benki ya Equity ya Kenya iliingia Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2015 kwa kununua ProCredit Bank, kisha mwaka 2020 ikanunua sehemu kubwa ya hisa za BCDC, benki iliyokuwapo tangu 1909. Miaka mia moja ya wateja, majengo na maofisa wanaoijua nchi haipatikani kwa matangazo ya redio. CRDB ya Tanzania ilichagua njia nyingine: mwaka 2023 ilifungua benki mpya Lubumbashi, ambako mizigo mingi ya Bandari ya Dar es Salaam huishia au hupitia. Njia hii ni ya polepole zaidi, ila benki inakwenda kwa watu inaowahudumia tayari upande wa pili wa safari. Mimi naiona kuwa hoja nzuri sana ya kuvuka: kumfuata mteja wako, badala ya kwenda kumtafuta mgeni.

Mtanzania akifika Lubumbashi husikia Kiswahili sokoni, kwenye teksi na ofisini. Akashawishika kuwa yuko kwao. Mikataba hata hivyo ni ya Kifaransa, na tangu 2012 Kongo inafuata sheria za biashara za OHADA, umoja wa nchi ambazo nyingi zilitawaliwa na Ufaransa. Aina za kampuni na namna ya kuweka dhamana si zile anazozijua wakili aliyesomea sheria yenye asili ya Kiingereza. Lipa wakili wa huko mapema. Hapa pasitafutwe nafuu.

Sasa suala la sarafu, ambalo huumiza wengi kuliko yote na huelezwa vibaya kuliko yote. Kampuni ya simu nchini Ethiopia hupokea birr. Mitambo yake hununuliwa kwa dola. Kabla ya tarehe 29 Julai 2024 dola moja ilikuwa takriban birr 57 kwa bei rasmi. Siku hiyo serikali iliiachia birr iende na soko, na kabla ya mwaka kwisha dola ilihitaji zaidi ya birr 120. Mteja aliyekuwa akilipa birr 100 alikuwa anakuletea dola moja na senti 75. Miezi michache baadaye birr zake 100 zinakuletea senti 83. Hajapunguza matumizi, wala wewe hujakosea lolote kwenye huduma, lakini mapato yako yamekatika nusu mbele ya deni la dola lisilopungua. Pigo hilo lilionekana hadi kwenye hesabu za Safaricom mjini Nairobi, faida ya kundi iliposhuka katika nusu mwaka ulioishia Septemba 2024.

Kinga kamili haipo, ila kuna mambo ya kufanya. Kopa kwa sarafu unayouzia, hata kama riba ni kubwa zaidi. Tofauti ya riba unaijua leo, anguko la sarafu hulijui. Nunua ndani ya nchi kila kinachowezekana. Na kabla hujapeleka hata senti, pata jibu la maandishi kutoka benki: faida nikiipata, nitaruhusiwa kuitoa vipi, na foleni ya dola ina urefu gani?

Chukua sasa kampuni ya Nairobi inayokuja Dar es Salaam. BRELA, wakala wa usajili wa biashara, itaipa njia mbili: kusajili tawi la kampuni ya kigeni au kuanzisha kampuni tanzu. Tawi ni mtu yuleyule mbele ya sheria, kwa hiyo deni la Kariakoo linaweza kumfuata mama yake hadi Nairobi. Kampuni tanzu ni mtu mwingine, na deni lake ni lake. Wengi huchagua kampuni tanzu kwa sababu hiyo, kisha benki inaomba dhamana ya kampuni mama, mkurugenzi anatia saini, na ngao yote inaondoka kwa saini moja. Zisome karatasi za dhamana kwa makini kuliko zile za usajili.

Namna ya kuingiza fedha nayo ina kodi yake. Ukiingiza nyingi kama mkopo na kidogo kama hisa, sheria ya Tanzania huacha kutambua riba ya sehemu ya deni inayozidi uwiano wa 70 kwa 30. Makao makuu yakilitoza tawi au kampuni tanzu ada ya uendeshaji, hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15, na mamlaka ya mapato, TRA, itauliza kama mtu baki angekubali kulipa bei hiyo kwa huduma hiyo. Jibu liwe kwenye faili tangu mwaka wa kwanza.

Watu wa Afrika Mashariki huniambia kuwa Soko la Pamoja, lililoanza Julai 2010, linawapa haki ya kufungua biashara popote katika jumuiya. Itifaki ya soko hilo ndivyo inavyosema. Lakini ofisa aliye mbele yako hushika sheria ya nchi yake. Julai 2025 Tanzania ilitangaza orodha ya shughuli 15 zisizoruhusiwa kwa wasio raia, miongoni mwake uwakala wa fedha kwa simu, kutengeneza simu na kuongoza watalii. Mtu aliyekwisha kulipia fremu na kupanga bidhaa hawezi kulipia pango kwa itifaki.

Kwa wafanyakazi wa kigeni, kibali cha kazi na kibali cha ukaazi ni vitu viwili, na mwajiri hutakiwa aoneshe mpango wa kumrithisha raia kazi ya mgeni. Nawasihi waajiri wauchukue mpango huo kwa moyo, si kama fomu ya kujaza. Meneja mwenyeji apewe pia mamlaka ya kutia saini, kwa kiwango kilichoandikwa. Kampuni ambayo kila hundi ya tairi husubiri jibu la nchi nyingine hupoteza wasambazaji wake wazuri kwanza.

Na mkataba wa kwanza na mshirika wako uandike pia mtatokaje. South African Breweries ilifungua kiwanda Thika mwaka 1998 kushindana na East African Breweries, iliyokuwa nayo ikipambana Tanzania kupitia Kibo Breweries ya Moshi. Mwaka 2002 zilikubaliana kila moja iondoke kwa mwenzake. Kiwanda cha Thika kikafungwa, na Wakenya wakapata asilimia 20 ya hisa za Tanzania Breweries, kampuni iliyokuwa chini ya South African Breweries. Mwaka 2010 East African Breweries ilirudi Tanzania kwa kununua asilimia 51 ya kampuni ya bia ya Serengeti, ikiwa na gawio la miaka minane mkononi na bila mgogoro wa kufilisiwa nyuma yake.