Vitimbi Bila Kitabu: Fasihi Iliyomo Kandani

Tamthilia huandikwa ili iigizwe. Hata hivyo, vyuoni huishia kusomwa tu. Vitimbi na Vioja Mahakamani, vya runinga ya taifa, viliigizwa miaka mingi bila kuwa vitabu. Je, navyo si fasihi?

Tumtazame Mzee Ojwang’. Marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu. Mhusika wake alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo. Kicheko kilizaliwa katika matamshi, si katika maneno pekee. Maandishi hayawezi kuihifadhi lafudhi hiyo; kanda ndiyo iwezayo. Nazo kanda huharibiwa na unyevu, na mitambo ya kuzichezea imeadimika.

Hata BBC ya Uingereza ilifuta vipindi vingi vya Doctor Who vya miaka ya 1960. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi tisa vimepatikana Jos, Nigeria.

Basi, wanafunzi wenzangu, utafiti wetu usikomee maktabani. Tubishe hodi Kangemi na Kawangware, tuwaulize wazee wetu kama walirekodi chochote nyumbani. Kanda iliyo chini ya kitanda huenda ikawa ndiyo nakala ya pekee.