Sura ya Tano: Zamani Ipi Hiyo?

Hakuna hoja inayopita kirahisi mkutanoni kama mmomonyoko wa maadili. Diwani akiitaja, hata wapinzani wake wanapiga makofi. Mchungaji akiitaja, shehe aliyeketi kando yake anaitikia. Hakuna anayedai ushahidi. Ukiudai wewe, utaulizwa kama huna watoto wa kike.

Kabla sijaanza, niusafishe kwanza upande wangu. Wanaoipinga hoja hii hupenda kusambaza kwenye makundi ya WhatsApp maneno wanayodai ni ya Socrates, kwamba vijana wanapenda anasa na hawaheshimu wakubwa. Socrates hakuacha hata ukurasa mmoja. Maneno hayo yanatokana na tasnifu ya mwanafunzi wa Cambridge, Kenneth John Freeman, iliyochapwa 1907, ambamo alifupisha kwa maneno yake mwenyewe malalamiko ya Wagiriki wa kale. Atakayekuletea kibao cha udongo cha Ashuru chenye kilio kama hicho, mwulize kimehifadhiwa makumbusho gani. Ushahidi wa kughushi wa nini, na wa kweli upo? Hesiod, mshairi wa Kigiriki aliyeishi miaka kama 2,700 iliyopita, aliigawa historia ya binadamu katika zama tano, akajiweka yeye na wenzake katika ile iliyooza kuliko zote.

Nilipanga sura hii iende kwa hatua tatu: maadili yanapimwaje, kumbukumbu inatudanganyaje, na nani anahesabiwa tunaposema "jamii". Tuone tutafika wapi.

Kupima ndiko watu wanakokosea zaidi. Yapo maswali ya aina mbili. La kwanza: je, watu wa siku hizi ni waadilifu kuliko wa zamani? La pili: je, jana ulitendewa kwa heshima? Mwezi uliopita ulimsaidia mtu usiyemjua? La kwanza linauliza maoni juu ya enzi nzima, ambayo mhojiwa hakuiishi yote. La pili linauliza jambo lililompata au alilolitenda mwenyewe, juzijuzi, likiwa bado bichi kichwani. Watafiti Adam Mastroianni na Daniel Gilbert walikusanya dodoso za aina zote mbili na kuchapisha matokeo katika jarida la Nature mwaka 2023. Kwa swali la kwanza, watu wa nchi zisizopungua 60 walisema maadili yanashuka, na dodoso za Marekani zinaonyesha jibu hilohilo tangu 1949. Kama kweli yangekuwa yanashuka miaka yote hiyo, majibu ya swali la pili yangeshuka pia. Kwa wastani hayakushuka. Tena, watu wa rika mbalimbali walipoulizwa mporomoko ulianza lini, walielekea kuutaja wakati waliozaliwa wao wenyewe. Maelezo ya watafiti ni mepesi: habari mbaya hutufikia zaidi kuliko njema, na machungu ya zamani hufifia kabla ya matamu yake. Ila takwimu nyingi za swali la pili ni za Marekani, kwa hiyo sitaziazima kuielezea Kondoa.

Tuje kwetu basi, kwenye mfano ninaoupenda kuliko yote: Operesheni Vijana. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza kwamba kuanzia Januari 1, 1969 vimini, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana vingepigwa marufuku. Tarehe haijafika, wanawake wakaanza kuvamiwa Kariakoo na makundi ya vijana wa kiume. Magazeti yakafurika barua. Wapo walioona utamaduni wa Mwafrika unauzwa. Wapo waliouliza kwa nini wigi liwe la kigeni na suti ya waziri isiwe. Na katika kipindi hichohicho, serikali ya TANU hiyohiyo ilikuwa na kampeni nyingine Umasaini, ikiwataka Wamasai waache rubega wavae suruali, kwa kuwa mavazi yao yalihesabiwa aibu kwa taifa linaloendelea. Msichana wa Ilala alikosea kwa kuonyesha mapaja ya Kizungu, na morani akakosea kwa kuonyesha mapaja ya kimila.

Piga hesabu. Aliyekuwa na miaka 18 siku zile za Kariakoo alizaliwa 1950. Leo ni bibi. Ndiye yule bibi wa zamani ambaye wajukuu wanahimizwa waige stara yake! Na kijana aliyemkimbiza ni babu anayetuambia kwamba enzi zao mambo haya hayakuwepo. Hatukuwa peke yetu: Amin alipiga marufuku vimini Uganda mwaka 1972, na Malawi ya Banda ikatunga sheria kabisa 1973, iliyodumu hadi 1993. Tazama pia kilichokuwa kikipimwa. Ngumi ya mume haikuwamo katika orodha ya marufuku ya 1969.

Hatua ya kumbukumbu imeshamezwa na vimini. Ibaki ile ya nani anahesabiwa. Pwani yetu inasifiwa kwa uungwana wa karne ya 19: salamu ndefu, ukarimu, mgeni haulizwi ataondoka lini. Nayasadiki yote. Ila muungwana huyohuyo wa Unguja aliweza kuinuka barazani, akapita soko la watumwa la Mkunazini kununua mtoto wa Kiyao, na jirani asimwone amekosa adabu. Soko hilo lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipobanwa na Waingereza. Hali ya utumwa kisheria ikafutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, lakini masuria wakaachwa nje hadi 1909. Anayesifu maadili ya zama zile anasimulia akiwa ameketi barazani. Suria hakuketi hapo.

Mfano wa karibu zaidi: utafiti wa afya wa kitaifa wa 1996 ulikuta wanawake 18 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Ule wa 2022 ulikuta 8. Kisu hicho kimekataliwa zaidi na kizazi kinachoitwa kimepotoka.

Sisemi kwamba kila kitu kinapanda. Mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyoshika kasi Kanda ya Ziwa kuanzia 2006 na 2007, hayakurithiwa kwa mababu kwa ukubwa ule. Yalikuwa biashara ya waganga waliowaahidi wachimbaji na wavuvi utajiri. Mtu anayeamini mfupa wa binadamu huvuta dhahabu hatibiwi kwa semina ya mavazi.

Basi ukiambiwa maadili yameporomoka, dai jambo moja na mwaka wake. La kwangu ni hili. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aozwe kwa ridhaa ya mzazi, wakati mvulana husubiri 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi akaipinga mahakamani. Mahakama Kuu iliona mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinavunja Katiba, Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019, na Serikali ikapewa mwaka mmoja kurekebisha. Mwaka ukapita bila marekebisho. Anayetaka kutetea maadili ya mabinti zetu aanzie hapo, urefu wa sketi usubiri.