Redio Iliyotangaza Kura

Katika mji wa Pittsburgh, Marekani, kipo kituo cha redio kiitwacho KDKA. Usiku wa tarehe 2 Novemba, 1920, kituo hicho kilitangaza hesabu ya kura za urais baina ya Bwana Harding na Bwana Cox. Hesabu zilipokelewa kwa simu kutoka ofisi ya gazeti, zikasomwa papo hapo. Wachache waliokuwa na redio walimjua mshindi usiku ule ule. Wengi walingoja gazeti la asubuhi. Tangu mwaka 1992 kazi yake kubwa ni habari na mazungumzo, na wasikilizaji hupiga simu kutoa maoni. Basi msikilizaji hana budi kupambanua: habari huthibitishwa, maoni hupimwa.