Aliyefyeka Njia Akarudi Bila Nishani

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Je, aliyecheza ugenini akarudi mikono mitupu, yeye hutunzwa na nani?

Swali hilo lilinijia Ogwedhi, huko Migori, mahali anapokutana Mjaluo, Mkuria na Mmasai. Nilikuwa hotelini nikinywa chai, na vijana wakibishana juu ya mabingwa wa mbio. Nikawauliza: “Na Nyandika Maiyoro je?” Wakatazamana. Mzee mmoja wa Kikisii, mchuuzi wa ng'ombe, akaweka kikombe chini. “Huyo ni wa kwetu,” akasema. “Wewe Mswahili umemjuaje?”

Nimemjua, msomaji, kwa kuwa habari zake ni darasa. Mwaka 1954 Maiyoro na mwenzake Lazaro Chepkwony walipita London wakielekea Vancouver, kwenye michezo ya Himaya ya Kiingereza. Siku zile Wazungu wengi waliamini kuwa Mwafrika ana kasi ya mbio fupi tu. Pumzi za mbio ndefu hana. Katika uwanja wa White City, Chepkwony aliingia mbio za maili 6, asizimalize. Kesho yake Maiyoro akaingia maili 3, akatangulia mbele kwa mwendo wa kutisha. Watazamaji wakangoja naye aishiwe. Hakuishiwa. Alimaliza wa 3, nyuma ya Waingereza Freddie Green na Chris Chataway. Huko Vancouver akawa wa 4.

Mwaka 1956 Kenya iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, mjini Melbourne. Katika mita 5,000 Maiyoro akawa wa 7. Roma, mwaka 1960, akawa wa 6.

Wa 4, wa 7, wa 6: hesabu hiyo haina nishani hata moja. Lakini tazama kilichofuata. Tokyo, 1964, Wilson Kiprugut akaipatia Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800. Mexico, 1968, Naftali Temu, Mkisii kama Maiyoro, akatwaa dhahabu ya mita 10,000, dhahabu ya kwanza ya Kenya. Wote walipita njia iliyokwisha kufyekwa.

Sisi tuliosoma chuoni twaijua fadhila ya mchimba kisima: huenda yeye asiyanywe maji, lakini thawabu zake hazikatiki.

Maiyoro alifariki Februari 2019. Nilipoinuka nilipe chai, mzee yule alinizuia mkono. “Umelitaja jina lake mbele ya vijana hawa,” akasema. “Chai hiyo ni juu yangu.”