Nyumba ya Wasomi wa New York

Fungueni madaftari. Somo letu la leo ni juu ya klabu. Hatusemi habari za kilabu cha pombe, la. Klabu tunayoitaja ni chama cha watu wanaokutana mahali pao kusoma, kula na kuzungumza. Mlangoni yuko bawabu. Asiye mwanachama haingii ila amekaribishwa.

Katika mji wa New York, Marekani, iko klabu iitwayo University Club, yaani Klabu ya Chuo Kikuu. Ilipata hati yake mwaka wa 1865. Hati ilisema kwamba shabaha ya klabu ni kukuza vitabu na sanaa, kwa kuweka maktaba, chumba cha kusomea na chumba cha picha. Aliyetaka kuingia alipaswa kuwa na shahada. Shahada ni cheo cha elimu apewacho mtu amalizapo masomo ya Chuo Kikuu. Siku zile wenye cheo hicho walikuwa wachache.

Mwanzoni klabu ilidhoofika, kisha ikafufuliwa mwaka wa 1879. Mwaka wa 1899 ilihamia nyumba kubwa ya mawe, iliyochorwa ramani na Charles McKim. Nje, ukutani, zimechongwa nembo za vyuo. Ndani imo maktaba nzuri, na dari yake imepambwa kwa picha.

Sasa sikilizeni kwa makini. Mlango ule haukumfungukia kila msomi. Mwanamke, hata akiwa na shahada, hakukubaliwa kuwa mwanachama. Je, alikosa kiti tu? Sivyo. Katika vilabu vya namna hii watu walikula huku wakipatana habari za kazi na biashara. Aliyekosa kiti mezani alikosa na habari hizo.

Wenye vilabu walisema, "Nyumba ni yetu, na wageni tunawachagua sisi." Lakini mwaka wa 1984 Baraza la Mji lilitunga sheria. Klabu yenye wanachama zaidi ya 400, inayoandaa chakula mara kwa mara, na kupokea fedha za wasio wanachama kwa ajili ya biashara, haikuhesabiwa tena kuwa nyumba ya faragha. Haikuruhusiwa kubagua watu. Umoja wa vilabu ukashtaki. Mwaka wa 1988 majaji wote wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliikubali sheria ile. Katika miaka hiyo ya 1980 University Club nayo iliwafungulia wanawake mlango.

Basi tumeona kwamba elimu ni ufunguo, lakini pengine hata mwenye ufunguo huzuiwa mlangoni. Hapo sheria ya haki husaidia.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Shahada ni nini?
2. Kwa nini kukosa kiti mezani kulikuwa hasara?
3. Katika vyama vya kwenu, ni nani asiyekaribishwa, na kwa sababu gani?

Kwaherini mpaka somo lijalo.