Kleisthenes na mipaka ya Ituri

Aprili 2003, bunduki zikiwa hazijanyamaza vijijini Djugu na Irumu, wajumbe 177 walikaa Bunia katika Tume ya Kutuliza Ituri. Walikuwamo watu wa jumuiya za wenyeji, wa vikundi vyenye silaha, wa serikali ya Kinshasa na ya Kampala. Walipoachana walikuwa wameunda baraza la muda la watu 32, na kiti cha kuliongoza kikakaliwa na mwanamke, Pétronille Vaweka. Wiki chache baadaye jeshi la Uganda likaondoka, mji ukawaka upya, na baraza lile likafanya kazi yake chini ya ulinzi wa majeshi ya kigeni.

Ninapofundisha demokrasia ya Athens huanzia hapo, kwa sababu swali lililowakabili watu wale ndilo lililowakabili Waathens miaka 2,500 iliyopita: watu waliogawanyika kwa koo na ardhi watatawaliwaje pamoja bila ukoo mmoja kuumeza mwingine? Wengi tumezoea kudhani kwamba Wagiriki walivumbua sanduku la kura. Kura ilikuwa sehemu ndogo. Kazi kubwa waliyoifanya ni kupanga upya nani anakaa na nani.

Mtunga sheria Solon alikuwa ameanza mwaka 594 K.K. kwa kufuta madeni yaliyowafanya wakulima kuwa watumwa wa wakopeshaji wao, lakini koo kubwa ziliendelea kugombania mji. Mwaka 508 kiongozi mmoja, Isagoras, alimwita mfalme wa Sparta aje na askari kumsaidia dhidi ya mpinzani wake, Kleisthenes. Familia 700 zikafukuzwa. Wananchi wakakasirika, wakawazingira wageni hao kwenye mlima wa Akropolis, na siku ya tatu Wasparta wakakubali kuondoka. Kuita jeshi la jirani ili kumshinda ndugu ni jambo ambalo msomaji wa Ituri hahitaji kuelezwa.

Kleisthenes aliporudi kutoka uhamishoni aliishika ramani. Attika, nchi ya Waathens, ilikuwa na vitongoji 139 hivi. Aliigawa katika kanda tatu, yaani mji, pwani na bara, kisha kila kanda akaikata mafungu 10. Halafu akaunda makundi 10 mapya ya uraia, kila kundi likipewa fungu moja la mjini, moja la pwani na moja la bara. Mvuvi, fundi wa mjini na mchungaji wa milimani wakajikuta kundi moja: wanapigana vita katika kikosi kimoja, wanatoa sadaka pamoja, na wanapeleka watu 50 katika Baraza la Watu 500. Koo hazikufutwa. Aristotle anaandika kwamba aliziacha na matambiko yake kama zilivyokuwa. Alichoziondolea ni mamlaka ya kuamua nani ataketi barazani.

Sasa tazama ramani yetu. Katika teritori ya Djugu peke yake kuna sekta na sheferi (maeneo ya machifu) za Walendu-Pitsi, Walendu-Djatsi, Walendu-Tatsi, Bahema-Nord, Banyali-Kilo. Jina la jumuiya ndilo jina la utawala. Mbelgiji aliipenda mipaka ya namna hiyo kwa kuwa ilimrahisishia kutawala kupitia machifu, na Katiba ya 2006 ikazipokea sheferi na sekta kuwa ngazi halali za serikali za mitaa. Ugomvi wa shamba moja ukizuka mpakani mwa sekta na sheferi, papo hapo unakuwa ugomvi wa jumuiya mbili, kwa sababu kila upande una ofisi yake na chifu wake. Mwaka 2003 jumuiya zilitaka kuwakilishwa kwa majina yake, na wakati ule hakuna aliyekuwa na haki ya kuzinyima. Lakini bandeji ya vita haifai kuwa ngozi. Kleisthenes hakumwambia mtu asahau alikotoka. Aliweka juu ya vitongoji chombo ambacho hakuna kitongoji kingeweza kukiendesha peke yake. Ituri bado haina chombo kama hicho, na kwa maoni yangu hilo ni pengo kubwa kuliko uhaba wa askari.

Jambo la pili Waathens walilolitunza ni mzunguko wa madaraka. Majemadari walichaguliwa kwa kura, lakini viongozi wengi walipatikana kwa bahati nasibu. Walikuwa na bamba la jiwe lenye safu za matundu membamba. Mtu aliyetaka kuwa mwamuzi mahakamani alileta kibao kidogo chenye jina lake na la kitongoji chake, kikachomekwa tunduni. Ubavuni mwa jiwe mlikuwa na mrija uliojazwa vipira vyeupe na vyeusi, vikitoka kimoja kimoja. Kikitoka cheupe, safu nzima inaingia kazini siku hiyo. Kikitoka cheusi, safu nzima inarudi nyumbani. Asubuhi mwamuzi hakujua atasikiliza kesi ya nani, na mwenye kesi hakujua amhonge nani. Mwenyekiti wa Baraza alishika funguo za hazina na mhuri wa dola kwa usiku na mchana mmoja tu, na hakuruhusiwa kukirudia kiti hicho maishani. Kila aliyemaliza muda wake wa kazi alikaguliwa hesabu hadharani.

Hila nazo zilikuwapo. Kisimani, kwenye mteremko wa Akropolis, wachimbuaji walipata vigae kama 190 vya kura ya kumfukuza mjini mwanasiasa Themistokles, vyote vikiwa vimeandikwa na mikono 14 tu. Mtu aliviandaa mapema ili awagawie wapiga kura.

Themistokles huyohuyo ndiye aliyewashawishi Waathens kuhusu madini. Mwaka 483 K.K. mshipa mnono wa fedha ulipatikana Laurion, na mkutano wa wananchi ukaletewa pendekezo la kumgawia kila raia drakma 10. Akawaomba wajenge merikebu za vita badala yake, wakakubali. Miaka mitatu baadaye merikebu hizo ziliwashinda Waajemi huko Salamis, zikiendeshwa kwa makasia na raia masikini, na baada ya hapo sauti ya masikini mkutanoni ikawa nzito. Huku Ituri, dhahabu ya Kilo iligunduliwa mwaka 1903. Tangu hapo uamuzi wa matumizi yake umefanyika Brussels, Kinshasa, au mikononi mwa mwenye silaha aliyeushika mji wa machimbo wa Mongbwalu wakati huo.

Ila waliochimba fedha ya Laurion walikuwa watumwa, na hao hawakuwa na neno. Wanawake pia hawakuwa na neno. Katika karibu karne mbili za demokrasia ile, hadi Wamakedonia walipoizima mwaka 322 K.K., hakuna mwanamke aliyepiga kura katika mkutano wa wananchi, sembuse kuuongoza. Hapo Bunia ya 2003 iliipita Athens, na watoto wetu wafundishwe hivyo.

Tarehe 20 Desemba 2023, kwa mara ya kwanza chini ya Katiba ya 2006, wakaaji wa miji mikuu ya majimbo waliitwa kuchagua madiwani wa komini. Kisheria diwani wa komini ya Bunia, iwe Mbunya, Shari au Nyakasanza, ana nguvu: baraza lake hupitisha bajeti ya komini na kumchagua bourgmestre, yaani mkuu wa komini. Lakini tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri imewekwa chini ya utawala wa dharura wa kijeshi, gavana akawa jenerali, na maofisa wa jeshi na polisi wakachukua nafasi za viongozi wa kiraia. Katiba inauruhusu kwa siku 30, kisha unaweza kuongezwa siku 15 kila mara kwa idhini ya Bunge, na umeongezwa mara nyingi kupita kiasi. Waathens pia waliwapa majemadari wao madaraka makubwa vitani, huku mkutano wa wananchi ukiendelea kukaa na kuwauliza maswali. Ndiyo maana mabaraza ya komini yasingojee amani ndipo yaanze kuuliza fedha za soko na za barabara zimekwenda wapi.

Na yaanze na waliokimbia. Vita dhidi ya Sparta vilipoanza mwaka 431 K.K., wakulima wa Attika walihamia ndani ya kuta za mji, wakalala mahekaluni na minarani. Hakuna aliyepoteza kiti, kwa kuwa uraia ulifuata kitongoji cha baba hata kama kitongoji chenyewe kimechomwa. Kila kitongoji kiliendelea kupeleka watu wake barazani. Familia ya Djugu iliyoko katika kambi ya waliokimbia ya Kigonze, Bunia, inastahili angalau hicho: iandikishwe, isikilizwe na komini inamolala, na nafasi yake katika baraza la kule ilikotoka isigawiwe mtu mwingine wakati haipo.